Kofia Uliyonituma

Kwa dada, 11 Agosti

Baba Watoto,

Salamu. Mimi mzima, dada na shemeji yako wazima. Wewe najua u mzima, maana chakula hukukikosa.

Nasikia unawaambia majirani nimenuna kwa sababu basi liliniacha. Sema yote basi. Watoto wote wamehama, tumepata likizo ya kwanza ya watu wawili katika miaka ishirini na saba, na kule kasrini umeshindwa kuuvua ualimu mkuu uwe mume hata asubuhi moja. Umewapanga foleni wageni wenzetu, watu wazima na mvi zao, ukawahesabu: ishirini na wanne. Mtembezaji akieleza habari za mfalme, wewe unamsahihisha. Tulipotoka, jua la saa nane, ukajipapasa kichwa: "Mama Watoto, kofia yangu imebaki chumbani kwa malkia. Kimbia." Nikakimbia, na magoti haya.

Natoka na kofia mkononi, basi hakuna.

Nimekaa kwenye ngazi za mfalme saa mbili na nusu. Mlinzi akaniuliza, "Mama, wewe ni wa nani?" Nikamwonyesha kofia. Basi liliporudi nikajipangusa, nikajiandaa kukutukana mbele ya watu. Ndani yumo dereva peke yake. "Mwalimu Mkuu amesema tuwahi, chakula kinapoa." Sikupanda, nimekuja kwa dada na kofia yako.

Mkeo, kwa cheti

Nyumbani, 15 Agosti

Mpenzi Mama Watoto,

Natumai hujambo. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo.

Hesabu haikukosewa. Ishirini na wanne walikuwemo. Yule mtembezaji aliomba lifti mpaka njia panda, ndiye aliyejaza nafasi yako kwenye hesabu, na alipaswa kujitambulisha. Nilipogundua, tukiwa mezani, nilimtuma dereva papo hapo. Ningekuja mwenyewe, ila wageni walikuwa wananitegemea. Kuteleza si kuanguka. Shule inafunguliwa Jumatatu na sijui pasi iko wapi.

Mumeo

Kwa dada, 18 Agosti

Mwalimu Mkuu,

Dada anakusalimu. Mimi sikusalimu.

Wageni gani hao waliokutegemea, kumeza supu? Ndani ya basi kiti cha kando yako kilikuwa na mkoba wangu. Mkoba ukasafiri, mwenyewe hukumuuliza!

Kuteleza si kuanguka, nakubali. Mtu husahau. Sikuondoka kwa sababu ulinisahau, nimeondoka kwa sababu ulipokumbuka ulituma mtu. Mama yangu alipofariki, ulimtuma mwalimu wa zamu alete rambirambi. Nilipojifungua kitinda mimba, nguo za mtoto zililetwa na mlinzi wa shule. Nimechoka kuletewa watu. Nitarudi siku atakayekuja kunichukua ni wewe, kwa miguu yako. Vinginevyo hapa nimefika.

Mama wa watoto wako

Nyumbani, 4 Septemba

Mke wangu,

Hujambo? Mimi si mzima, tusidanganyane.

Barua yako niliisoma ofisini, nikapandwa na hasira, nikaifungia kwenye droo wiki mbili. Jana nimehesabu wanafunzi mstarini: mia tatu na sita, wote wapo. Nimefika nyumbani nikahesabu tena, kwa mazoea. Mmoja. Idadi haijatimia.

Nimekosa. Si mtembezaji aliyekosa, ni mimi. Nisamehe, urudi.

Mumeo

Kwa dada, 8 Septemba

Baba Watoto,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu nimelia, siwezi kukuficha.

Niliposikia gari la shule linapiga honi, nilivua aproni, nikapaka mafuta usoni, nikatoka mpaka getini na kofia yako mkononi. Dada akanicheka nikamwambia anyamaze. Nikachungulia siti ya mbele. Nikachungulia na ya nyuma.

Dereva wa shule, peke yake, anasema umemwagiza nisikawie, gari linatakiwa saa sita.

Nimempa chai na barua hii. Kofia nimeirudisha msumarini. Usimtume mtu kuichukua.

Mama Watoto