Kitambaa Ulichonipa Kimepata Kazi Msituni

Chumba cha Pembeni, Nyumba za Wafanyakazi,
Kituo cha Utafiti wa Kima.
Jumatano asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U mzima? Miguu imeacha kuvimba? Na yule kuku wako mkorofi, bado analala juu ya cherehani? Sisi hapa tu wazima, tena mimi nimezidi: nimenenepa kwa mapenzi mpaka sketi ya harusi haifungi.

Shangazi, ndoa tamu! Mume wangu hunichemshia chai kabla sijaamka, kisha huiweka dirishani ipoe, kwa kuwa anajua mimi huungua ulimi. Akienda msituni huniaga mara tatu, na ile ya tatu huwa amesahau kofia makusudi.

Barua yako imefika. Niliisoma nimekaa, nikaisoma tena nimesimama. Kwamba familia imekaa kikao, na uamuzi ni huu: ama mume wangu aache kazi akauze misumari dukani kwa Baba Mdogo, ama mimi nirudi nyumbani. Na kwamba Baba Mdogo anakuja Jumamosi kuchukua jibu. Umeniomba nijibu kwa upole. Kwa vile nakupenda, nitakujibu ukweli. Jibu ni hapana, kwa yote mawili.

Najua kilichowauma. Siku ya harusi Baba Mdogo alifungua boksi la barafu la mume wangu akitafuta soda, akakuta vichupa vya kinyesi cha kima. Bado namsikia akipiga kelele mbele ya wakwe: "Jamani, binti yetu anaolewa na mzoa mavi!" Mlicheka, na mimi nikainama. Lakini jokofu la kituo lilikuwa limeharibika siku hiyo, na vile vichupa vingeachwa kwenye joto, kazi ya msimu mzima ingeoza. Mngetaka avitupe?

Hakuna aliyemuuliza vile vichupa ni vya nini. Basi nikueleze mimi. Huku kuna makundi mawili ya kima wa porini, kubwa na dogo, yanayogombea mkuyu mmoja mpakani. Mume wangu na wenzake wanataka kujua ule ugomvi unaufanya nini mwili wa mnyama. Kiumbe akiogopa au akipandwa na ukali, mwili wake hutoa homoni, na mabaki yake hutoka baadaye na kinyesi. Ukimkamata kima umchome sindano, utapima hofu uliyomtia wewe mwenyewe. Kwa hiyo mume wangu hamgusi. Anakaa chini ya mti, anasubiri. Mwanamume anayeweza kusubiri nusu siku bila kununa, Shangazi, wangapi mnao huko?

Barua yako nilimsomea wakati wa kula. Alisukuma sahani, akasema, "Mke wangu, kama ndiyo amani yako na kwenu, nitauza misumari."

Nikamwambia, "Ukiuza misumari, nitakuja kununua mmoja nikupigilie hapa hapa ukutani usitoke tena."

Alicheka, lakini macho hayakucheka. Kesho yake akaniomba nimsindikize msituni. Nilijua anakwenda kuaga.

Tulikuta makundi yamekutana mkuyuni. Kelele hizo! Matawi yanavunjika, matunda yanatuangukia kichwani. Wa kundi dogo walikuwa wachache, na dume lao kubwa, linalotembea kama mwenye mji, lilikimbilia nyuma. Aliyebaki mbele ni jike mmoja mwembamba, mume wangu humwita Kiraka kwa doa jeupe begani. Mtoto alimning'inia tumboni, naye akakoroma, akatikisa tawi, akasogea mbele. Wenzake wa kike wakaja nyuma yake mmoja mmoja. Kundi kubwa likasita, likaondoka. Shangazi, nilipiga makofi na vigelegele kama niko uwanja wa mpira, mpaka mume wangu akaniziba mdomo.

Nikamuuliza, hivi Kiraka hakuogopa? Akasema hajui. Huenda aliogopa kuliko wote na bado akasimama. Hilo ndilo wanalotaka kupima. Kinyesi chenye habari za siku ile kingetoka baadaye, kwa hiyo asubuhi iliyofuata tulirudi kumfuata Kiraka peke yake, mti kwa mti, maana cha kima mwingine hakifai, na kilichochanganyika na udongo hakifai sana.

Nilikuwa nimejitanda kile kitambaa cha hariri ulichonipa siku ya harusi. Usikasirike. Nikainua uso kumtazama Kiraka, na kitu cha moto kikaniangukia begani.

"Usijifute!" mume wangu akapiga kelele. "Mpenzi, usitikisike! Hicho ni safi, hakijagusa udongo!"

Akaja anakimbia na kichupa na kijiko, akakichota begani kwangu taratibu kama anayenivisha mkufu. Uso wake uling'aa kuliko siku ya harusi. Nami nimesimama wima, nanuka, nacheka machozi yakinitoka. Hapo nilijua: huyu hauzi misumari, na mimi sirudi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama aliye mkuu wa kituo nikaomba kazi. Akanitazama begani, akasema, "Wewe umeshaanza." Jumatatu naingia rasmi, kuwafuata majike wa kundi dogo.

Msalimie Bibi, mwambie mjukuu wake anakula vizuri. Msalimie Mama na umbusu kwa niaba yangu. Najua kwenye kikao alinyamaza, na maana ya kunyamaza kwake nimeielewa. Baba Mdogo naye msalimie. Mwambie aje Jumamosi, chakula kipo na godoro la wageni lipo. Soda zitakuwa kwenye ndoo ya bluu. Boksi la barafu asiliguse bila ruhusa yangu.

Kile kitambaa nimekifua mara mbili, rangi yake haikuchuja. Atanikuta nimekifunga kichwani, nimesimama mlangoni, mbele ya mume wangu.

Mungu akupe miguu myepesi na usingizi mzito.

Mimi binti wa kaka yako, ninayekupenda hata nikikukatalia,
Mke wa Mzoa Mavi