Mjomba, Mfaume Alirudi

Mpendwa Mjomba Issa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini tangu nijue kusema sijawahi kuanza na wewe bila shikamoo, na sioni kwa nini kaburi liniharibie adabu. Haya, kaa vizuri nikupe habari. Mfaume alirudi. Nimesoma mwenyewe, juzi asubuhi, kwenye baraza ile ile ya mahakama tuliyokuwa tukikaa mimi na wewe. Nilitoka pale natembea peke yangu nikicheka, nikaipita kona ya kwangu Chuno bila kuiona, nikashtukia niko Ufukoni na mama mmoja ananiuliza kama kuna msiba au arusi.

Barua hii naiandika wazi, asome yeyote wa ukoo wetu anayetaka. Waliosikia shutuma za Mfaume ni wengi, basi na haya wayasikie. Na kwa kuwa wamo watoto ambao hawakukuwahi, itabidi unisamehe nikikusimulia mambo unayoyajua kuliko mimi.

Kisa chenyewe Bibi, mama yenu wewe na Mama, alikuwa akikisimulia hivi. Zamani, kabla Mjerumani hajatulia huku kwetu, msichana aitwaye Somoe alivuka Ruvuma pamoja na kaka yake Mfaume. Walikuja Mikindani na mizigo ya nta kutafuta nguo. Nta haikutosha. Mfaume akachukua jora la merikani kwa tajiri mmoja, akamwacha dada yake rehani, akaahidi kwamba msimu ujao angekuja kumkomboa. Msimu ukafika, Mfaume hakuonekana. Tajiri akaondoka na Somoe mpaka Kilwa, akawa mtumwa wa watu, akaolewa huko huko, akazaa huko huko. Watoto wake ndio waliorudi kusini, na sisi ndio uzao wao. Yeye mwenyewe alikufa Kilwa, na neno alilowaachia wanawe ni kwamba kaka yake alimuuza kwa nguo.

Kutokana na neno hilo tukapata mwiko wetu. Kwa wenzetu, mwali akitoka unyagoni mjomba ndiye anayeleta nguo, na usiombe mjomba huyo awe mkono wa birika, atasemwa mpaka achoke. Kwetu mjomba hampi mpwa nguo. Anaweza kumpa kuku, viatu, hata kitanda, lakini nguo hapana, maana mjomba wa kwanza alipoishika nguo alimtupa mtu. Na jina la Mfaume halikuitwa mtoto yeyote, wala halikutajwa siku za hitima. Marehemu wote waliombewa, yeye aliachwa nje.

Na Mungu naye ana mambo yake. Katika ukoo wa watu wenye mwiko huo, akakuleta wewe, fundi cherehani. Nusu ya Rahaleo ilivaa mkono wako. Arusi ya nani ilipita bila gauni lako? Mimi peke yangu, mpwa wako wa pekee, nilishonewa Chuno na yule fundi wako hasimu, na kila sikukuu nilipokuja kukupa mkono wa Idi ulinigeuza mgongo kwanza, ukaushika mshono, ukaguna. Ulinipa hela ya bisi ukarudi kwenye cherehani. Nilikuwa nikidhani unaguna kwa ufundi tu, maana hakuna kitu kilichokuudhi duniani kama pindo lililopinda. Baadaye nilijua ulikuwa unaumia.

Nilijua siku ya arusi yangu. Uliingia uani na doti ya kanga imefungwa kwenye gazeti, wanawake wote wakageuka na vijiko mikononi. Mama hakuinuka hata kwenye kigoda. Alikuangalia, akasema, "Kaka, nguo ya mjomba haiingii humu. Unajua." Ulikuwa umevaa suti yako ya kijivu na nywele umechana. Ukasema umesikia, dada, ukaikunja ile karatasi vizuri zaidi kuliko ulivyokuja nayo, ukatoka. Nilikuwa nimefunikwa ushungi, siruhusiwi kusema, nikalia humo humo na watu wakasema bibi arusi ana haya.

Sijapata kukuona ukikasirika kwa jambo lile. Ulichofanya ni kuja kwangu arusi ilipopoa, ukakaa kizingitini, ukakataa chai. Maneno yako nayakumbuka yote: "Hadija, twende tukamtafute huyu Mfaume. Kama alimuuza, tujue alimuuza. Kama hakumuuza, nataka nikuvike nguo kabla sijafa."

Mjomba, zile Jumamosi zetu! Sijui kama uliwahi kufurahi maishani kama ulivyofurahi kwenye baraza ile. Mahakama ilikuwa imerithi madaftari ya mirathi ya enzi za maliwali, yameandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na karani hakuwa na shida nayo wala hamu nayo. Alitupa ruhusa tuyasome pale barazani mradi tusile juu yake. Wewe ulinifundisha herufi hizo nikiwa mtoto, kwa chaki, kwenye ubao wako wa kukatia vitambaa, na sasa tukawa tunasoma pamoja, kidole chako mbele na changu nyuma. Tulimtafuta Mfaume mtu wa ng'ambo, mwenye dada Somoe. Tukawakuta wengine wote. Tulimkuta mzee aliyeacha mlango bila nyumba. Tulikuta wake wenza waliogombea kinu mpaka liwali akaamuru kitwangwe kwa zamu, ukacheka mpaka miwani ikaanguka na karani akatoka nje kuuliza kulikoni.

Hukuishia kwenye madaftari. Miaka ile watu walikuwa wakivuka Ruvuma kwa wingi kukimbia vita vya Mreno, na kila aliyeleta suruali kutiwa kiraka ulimuuliza ukoo wa mama yake. Wengi walidhani unatafuta mchumba. Mmoja alikuambia babu zao walikuwa wakisafirisha nta kwenda Mikindani, ukamshonea bure na shati juu.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Nakumbuka kidole chako kilisimama. Mfaume, mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, mfanyabiashara wa nta, amefariki Mikindani. Kumbe aliishi hapa hapa! Nilikushika mkono, nawe ukanishika, tukasoma haraka haraka. Kimegawanywa alichoacha baada ya kutoa deni na wasia. Mke fungu lake. Watoto wa kiume mafungu yao. Mtoto wa kike fungu lake. Basi. Tukafunua ukurasa, tukarudi nyuma, tukahesabu majina upya. Somoe hayumo.

Ukavua miwani ukaifuta kwa pindo la shati. Ukasema, "Alikaa mji ule ule, akapata mali, akazaa, akafa, na dada yake hakumkumbuka. Basi alimuuza." Hukutaka tena kwenda. Mimi nilikubembeleza, ukanijibu kwamba ulitaka kujua na umejua. Ulirudi kwenye cherehani yako, na ukweli ni kwamba ulianza kuzeeka siku ile.

Mwaka huu, mikorosho ilipokuwa inatoa maua, ukatutoka. Nilikulilia, Mjomba, na ninakulilia hadi sasa, wala sitajifanya nimezoea. Lakini sikia jinsi ulivyonisaidia ukiwa umeshalala chini.

Tulikaa mkekani kugawa ulichoacha. Maalimu wetu wa msikitini, unamjua asivyopenda haraka, akawaeleza wanao kwamba mpwa hana fungu kwenye mirathi pale palipo na watoto, sheria ndivyo ilivyo, na mimi nikaitikia kwa kichwa, sikuja kwa ajili ya fungu. Ndipo akasema, "Ila kabla hatujagawa kuna wasia. Mtu akitaka kumkumbuka asiyerithi, humwekea kwenye wasia, ndani ya theluthi yake, na huo hutolewa kwanza." Akatoa maneno uliyomwachia mbele ya mashahidi: sanduku lako la bati na kilichomo ni cha mpwa wako Hadija, alifungue siku dada yako atakaporidhika.

Wengine walikuwa wakiulizana sanduku lina nini. Mimi nilikuwa nimekwishatoka pale kwa mawazo, niko barazani mahakamani. Baada ya kutoa deni na wasia! Maneno hayo tuliyaona, Mjomba. Yalikuwa juu ya kila ukurasa, tukayaruka kila mara kama mtu anavyoruka bismillahi ili afike kwenye habari. Sisi watu wa ng'ambo, ambao dada na mjomba kwetu ni nguzo, tulikwenda kumtafuta dada mahali ambapo mtu mwenye wana hawezi kumwekea dada yake hata nazi moja. Hayumo kwenye mirathi kwa sababu hakuweza kuwamo. Kama Mfaume alimkumbuka, angemkumbuka kwingine.

Nilingoja eda ya mkeo iishe, sitaki watu waseme, kisha nikaenda. Karani ni yule yule, amenenepa. Nikamuuliza kama yapo madaftari ya wasia mbali na yale ya mirathi. Akasema yapo, ndani, chini ya mbao, hakuna anayeyaomba. Akaniletea huku akipiga chafya. Mjomba, niliyaweka sakafuni nikasoma nimepiga magoti.

Naandika hapa kama nilivyonakili, ili nawe usome kwa kidole chako: "Na theluthi ya minazi yangu ni ya dada yangu Somoe, tumbo moja na mimi. Nilimweka rehani kwa jora la merikani, nikarudi na nta ya kumkomboa, nisimkute. Nimekaa mji huu nikimngoja. Akionekana yeye au mtoto wake, apewe. Mpaka aonekane, mafuta ya nazi hizo yawashe taa ya msikiti."

Nilisoma, nikarudia, nikamsomea karani ambaye hakuniuliza kitu. Alirudi, Mjomba! Kosa lake lipo, simfichi: alimweka rehani mtu wa tumbo lake. Lakini alirudi na nta. Na alipomkosa hakwenda zake kwao, alibaki mji ule asije akapishana naye. Naye Somoe akafa Kilwa akiamini ameuzwa. Na Bibi yetu, mjukuu wa Somoe, alipoletwa Mikindani akiwa mdogo, alisoma chuo cha Kurani kwenye kibaraza cha msikiti, na mwenyewe alikuwa akituambia jinsi taa ya pale isivyokosa mafuta. Minazi yenyewe sijui ilipo, nasikia pamejengwa, wala sitaiulizia.

Kutoka Ufukoni nikaenda moja kwa moja kwa Mama. Nilimkuta uani anamenya mihogo. Nikamwamkia, nikakaa, nikamsomea bila kumwandaa, maana nilikuwa siwezi tena kungoja. Kisu kikasimama.

"Alirudi?" akauliza.

"Alirudi, Mama."

"Na nta?"

"Na nta."

Akaniambia nisome tena, nami nikasoma. Akayakung'uta maganda mapajani, akasema maskini Somoe hakujua. Halafu akasema na wewe hukujua, na hapo ndipo alipolia, Mjomba, kilio ambacho msibani kwako hakukilia. Alikulilia kwa jina lako la utotoni, ambalo sikuwa nalijua na silitaji hapa mbele ya watoto.

Alipotulia akaniagiza sanduku. Lilikuwa chini ya kitanda chake, alikuwa ananitunzia. Ndani mlikuwa na kanga yangu ya arusi, gazeti lile lile, na dawa ya nondo. Mama akaomba kisu aikate doti vipande viwili, akakunjua, akakuta haina haja. Ulikuwa umeshaikata. Umeshaipinda pande zote, kwa mshono wako mdogo mdogo ambao mtu akiutafuta haoni. Mama akaupitisha kidole mwanzo hadi mwisho. Akanifunga kipande kimoja kifuani yeye mwenyewe, akaniweka sawa mabegani, akanigeuza mgongo ulivyokuwa ukinigeuza wewe. Kisha akachukua cha pili akajitanda.

"Hiki changu," akasema. "Na mimi nilikuwa mpwa wa mtu. Mjomba wangu alikufa hajanipa hata kitambaa cha kichwa."

Ijumaa tunakusomea hitima. Mama ameshamwambia maalimu kwamba safari hii jina la Mfaume litajwe, tena kabla ya lako, na akakuombea radhi kwa hilo. Maalimu akauliza Mfaume ni nani, Mama akamjibu ni mjomba wetu. Wanao watakuwepo, na majirani wa Rahaleo, na yule fundi wa Chuno naye amesema atakuja. Nimemwambia aje aone pindo. Mimi na Mama tutakaa mkeka mmoja, tumevaa nguo ya mjomba.

Lala salama, umenivika.

Mpwa wako,
Hadija