Aliyevunja Mlango wa Feni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa jaladani, kwenye kundi la mtandaoni anaitwa Babu Modemu
Umri: miaka 52
Kazi: fundi wa mashine za kunakili karatasi
Makazi: mji jirani, nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu, nyuma ya gereji ya malori
Yamechukuliwa: Jumatatu asubuhi, chumba cha upelelezi

Mimi ndiye mwenye maelezo hapo juu. Nimeonywa niseme kweli, nami nimekubali. Sikuitwa na mtu. Nimekuja mwenyewe kwa ajili ya kijana wa bodaboda aliyeko mahabusu tangu juzi. Simjui kwa sura wala kwa jina. Ninachojua ni kwamba mlango anaotuhumiwa kuuvunja, mimi ndiye niliyemwambia auvunje.

Ili ieleweke ilikuwaje, lazima nianze na kundi. Afande ameniomba nisichanganye habari za vifaa na habari za tukio. Najitahidi, ila ni kama kumwambia mpishi aeleze chakula bila kutaja chungu.

Ninasimamia kundi la mtandaoni la watu wanaopenda kompyuta, simu na habari za teknolojia. Tuko mia mbili na kitu, lakini wanaosema ni wale wale kumi. Wengine wanakula kwa macho. Kila Jumamosi jioni tunafungua mazungumzo ya sauti tunayoyaita baraza, tunajadili habari za wiki: nani ametoa simu gani, programu gani imeharibika baada ya kuboreshwa, nani kadanganya kuhusu betri yake. Mke wangu anasema sisi ni watu wazima tunaogombea mali ya wenyewe. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kununua simu wiki ilipotoka.

Sheria za kundi niliziandika mimi. Ya kwanza, hakuna majina halisi wala anwani, maana zamani ubishi uliwahi kumfuata mtu hadi kazini kwake. Ya pili, hakuna kuuziana vitu, maana kundi liliwahi kugeuka gulio. Anayeuza au kununua anatolewa, na harudi. Kwa sheria hizo mbili nilijiona hakimu.

Mwenzetu Feni alikuwa mtu mzima kunizidi. Aliishi peke yake na kompyuta za zamani, na jina alilipata kwa sababu ya kelele za feni za kompyuta hizo: akifungua kipaza sauti tu, unadhani uko ndani ya mashine ya kusaga. Tulizoeana miaka sita. Nilijua kila kompyuta aliyokuwa nayo, mwaka iliotengenezwa na joto lake ikifanya kazi. Jina lake halisi nimelijua leo asubuhi, hospitalini.

Mnamo Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni, nikiwa sebuleni kwangu, nilifungua baraza. Habari kubwa ilikuwa simu mpya isiyo na tundu lolote, hata la chaji. Mwenzetu mmoja tunayemwita Mwalimu, anayefundisha fizikia sekondari, aliisifu mno. Feni akamkatiza.

"Mwalimu, mwaka huu wameziba tundu. Mwakani watakuuzia boksi tupu, na wewe utapanga foleni."

"Kaa na makumbusho yako, babu. Panya hawajamaliza waya?"

"Panya wangu wana akili. Wakitaka kudanganywa wanakuja kwako."

Tulicheka. Muda mfupi baadaye Feni akasema, "Ngojeni kidogo. Mkono huu umekufa ganzi." Mtu akamjibu kwamba umechoka kuandika matusi. Tukacheka tena, na mimi nikiwemo.

Kisha maneno yake yakaanza kukatika. Neno linaanza halifiki mwisho, jingine linaburuzwa. Hapa naomba iandikwe kama nilivyosema, hata kama ni ya kuchekesha: sote tulidhani ni mtandao. Sisi sauti ikiharibika tunatafuta ugonjwa kwenye waya. Mwalimu alisema data zinapotea njiani. Mwingine akasema ni kipaza sauti. Mimi, fundi mkubwa, nikamwambia, "Feni, zima ruta, hesabu hadi kumi, uwashe." Nilimwambia hivyo mara mbili. Naye maskini alikuwa anajaribu kutujibu.

Mke wangu alikuwa anapita na nguo za kupiga pasi. Akasimama.

"Baba watoto, huyo mtu ana nini?"

"Mtandao wake mbovu."

"Mbona hizo feni zinasikika vizuri?"

Nikasikiliza. Ni kweli. Feni zilinguruma safi kabisa, hazikatiki hata kidogo. Kilichokuwa kinakatika ni mtu.

"Marehemu baba alianza hivyo hivyo," mke wangu akasema. "Hicho ni kiharusi. Piga simu!"

Kabla sijaishika simu tukasikia kiti kikianguka, na kitu kizito baada yake. Halafu zikabaki feni peke yake.

Nilipiga namba ya dharura. Dada aliyepokea aliniuliza mgonjwa yuko wapi. Nikasema sijui. Anaitwa nani? Nikasema, "Feni." Akaniambia, "Baba, namba hii si ya mchezo." Simlaumu.

Nikauliza barazani nani anajua Feni anakaa wapi. Hakuna aliyejibu. Mwalimu akakumbuka kwamba Feni aliwahi kuweka picha ya dirisha lake, na nje kulionekana mnara wa simu. Akasema kwa kivuli cha mnara na saa ya picha anaweza kupata mtaa. Wenzake wakajiunga. Huyu anapima kivuli, yule anatafuta ramani ya minara, wa tatu anabisha kwamba mnara ule si wa kampuni ile. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na siku hiyo kila mtu alitaka kusuka zake kwanza. Walikuwa wameshafika kwenye mitaa mitatu, na ubishi ulikuwa mtamu, Mungu atusamehe, wakati mwenzetu amelala sakafuni.

Ndipo nikapata ujumbe wa faragha kutoka kwa Muuza Miwani, mwenzetu mwenye duka la miwani. Uliandikwa hivi: "Mkubwa, nikisema kitu utanitoa kundini?"

Nikamwandikia, "Sema."

"Mwezi uliopita nilinunua skrini kwa Feni. Aliyeniletea ni bodaboda. Namba yake ninayo."

Muuza Miwani alikuwepo barazani tangu mwanzo. Kutoka nilipouliza hadi aliponiandikia ilipita karibu nusu saa. Usiku huo nilimpigia kumuuliza kwa nini alikawia. Akaniambia, "Kaka, mimi dukani nashinda peke yangu. Watu wangu wa kuongea nao ni ninyi tu. Niliogopa." Sheria ilikuwa yangu.

Nilimpigia yule kijana wa bodaboda, nikamuunganisha na baraza ili sote tusikie. Alikuwa kijiweni. Sikumaliza hata kueleza.

"Yule mzee wa makompyuta? Namjua. Siku ile alifunga mzigo saa nzima kama anavisha bibi harusi. Nakwenda."

Kompyuta ya Feni ilikuwa bado iko hewani. Kijana alipofika na kubisha, tuliusikia mlango mara mbili, kwenye simu yake na kwenye kipaza sauti cha Feni. Ndivyo tulivyojua kwamba nyumba ni ile.

"Haitiki, mzee. Ndani kunanguruma."

"Hizo ni mashine zake. Mlango ukoje?"

"Umefungwa kwa ndani. Dirishani naona mguu."

"Mguu unatikisika?"

"Sioni vizuri."

"Majirani?"

"Nimeita. Hakuna aliyetoka."

Nikamwambia, "Vunja."

"Mzee, mimi ni bodaboda. Nikikutwa navunja nyumba ya watu, nani atanisikiliza?"

"Mimi nitakuja kusema."

"Wewe nani?"

Nilishindwa kumwambia Babu Modemu. Nikamtajia jina langu kamili, la baba na la babu, kazi yangu na mtaa ninaokaa, kundi zima likisikia. Akasema, "Haya." Tukasikia chuma kinagonga mbao, na bawaba ikang'oka.

Akasema, "Anapumua. Jicho moja liko wazi. Mzee, amenishika shati." Mke wangu aliinyakua simu, akamwambia amlaze ubavu na asimpe maji. Kijana akawa anamsemesha Feni kwa sauti ya chini. "Tulia, baba. Niko hapa. Gari linatafutwa." Alirudia maneno hayo mara nyingi. Mimi nisingekuwa na utulivu ule.

Kisha zikaja sauti nyingine. Mtu akapiga kelele, "Mwizi! Ameua mzee!" Kijana akasema, "Sikilizeni simu! Kuna watu kwenye simu!" Sote barazani tukapayuka kwa pamoja, kwa hiyo sidhani palisikika neno lolote la maana. Simu yake ikaanguka na kuzimika. Kipaza sauti cha Feni hakikuzimika. Tulisikia walivyompiga. Tuliendelea kuita, lakini Feni hutumia visikilizi vya masikioni, na sauti zetu zote ziliishia humo, pale sakafuni. Tulisikia hadi mtu mmoja aliposema mgonjwa apelekwe hospitali, na mwingine kwamba huyu apelekwe polisi.

Nilipiga simu kituoni jioni hiyo hiyo. Nikaambiwa maelezo hayachukuliwi kwa simu, nije. Jana nilipanda basi la kwanza, likaharibika njiani, nikafika usiku, saa za kutazama wagonjwa na za kuandika maelezo zimepita. Leo asubuhi nilianzia hospitali. Nikaambiwa amefariki alfajiri. Daktari alisema ni kiharusi. Maelezo yake atayatoa mwenyewe. Dada wa marehemu alikuwa kwenye benchi la nje. Aliniuliza mimi ni nani kwa kaka yake. Nikamwambia, "Huwa tunaongea Jumamosi." Akanisogezea nafasi nikakaa.

Baraza hurekodiwa kwa ajili ya wasiokuwepo. Rekodi yote, tangu mwanzo hadi mtu alipochomoa umeme nyumbani kwa Feni, nimeikabidhi kwa afande katika kadi ya kumbukumbu. Hatukukata chochote.

Nimeulizwa kama nina kinyongo na majirani. Hapana. Walisikia kitu wakakielewa vibaya. Jumamosi ile hawakuwa peke yao.

Kama kuvunja mlango ule ni kosa, naomba liandikwe kwa jina langu.

Niliyonayo ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali, na ninayatia sahihi kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA OFISA: Rekodi imesikilizwa yote mbele ya mkuu wa upelelezi na inaafikiana na maelezo ya shahidi. Mtuhumiwa ametolewa mahabusu leo alasiri bila shitaka, na ameelekezwa kufungua jalada la kushambuliwa akipenda. Alipoonyeshwa shahidi pale kaunta alisema hamjui. Shahidi alipomsalimu, aliitambua sauti, na kabla ya kuitikia salamu aliuliza kama yule mzee ameamka. Humu kituoni hakuna aliyekuwa amemwambia. Shahidi alimshika mkono wakatoka nje, akamwambia huko.

Sahihi ya ofisa: (imetiwa)