Mapendo, Nimezifumua Sura Zote

Shoga yangu Mapendo,

Mkasi wako uko kwangu. Ule mkubwa wa kukatia, uliouzungushia kitambaa chekundu kwenye vishikio. Watu wa kanisani kwako waliutaka wauweke pamoja na vitu vyako vya kupeleka kwenu Bukavu, nikawaambia anayeutaka aje aunyang'anye mkononi mwangu. Hakuja mtu. Unaujua mdomo wangu.

Nakuandikia mchana huu nikiwa pale pale dukani kwetu, mtaa wa La Rochelle huku kwa Wazulu, nimekaa upande wako. Upande wangu vimebaki viti viwili vya kusukia, vingine walivunja. Kioo bado sijanunua, wateja wanajitazama kwenye simu zao. Upande wako hakuna cherehani tena, kuna alama tu sakafuni pale ilipokuwa meza yako. Na doa. Nimelisugua kwa sabuni, nimelisugua kwa mchanga, nimemtukana hata fundi aliyemwaga saruji ile. Halitoki, Mapendo. Nimelitandikia mkeka, na mteja akiukanyaga namgombeza bila kumwambia sababu.

Watu wakizungumza habari za siku ile husema "vurugu". Vurugu! Vurugu ni watoto kumwagiana maji. Wacha nikueleze mie nilichokiona, maana wewe huenda hukukiona chote.

Tulikuwa tumesikia tangu asubuhi kwamba wenyeji wameanza mitaa ya juu, wanavunja maduka ya wageni. Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Sasa sisi tulitia maji gani? Tulifunga makufuli ya mbele, tukatokea mlango wa nyuma na mikoba yetu. Tulishafika uani, mwenzangu, uani kabisa! Ndipo ukalikumbuka gauni la bibi arusi, lile jeupe lililobaki kupindwa tu. Ukasema kwa Kiswahili chenu kile, "Ile nguo ni ya mutoto ya benyewe, Zuhura, siwezi kuiacha." Nikakuita mpumbavu. Ukacheka, ukarudi ndani.

Nilipokufuata walikuwa wameshavunja mlango wa mbele. Bheki alikuwa ameikumbatia cherehani yako. Bheki huyo huyo, mtoto wa Gogo, yule bibi anayekaanga magwinya pale kona, maandazi yale tuliyokuwa tukinunua ya moto asubuhi. Bheki aliyekuwa akikuletea suruali zipu ikikatika, unamshonea bure. Ukamwambia kwa upole kama unavyomwambia mteja aliyechelewa, "Bheki, mwanangu, weka mashine chini." Nadhani jina ndilo lililomtia wazimu. Wenzake walikuwepo na wewe umeonyesha kwamba unamjua. Akaweka mashine chini, kweli. Akachukua pasi yako, ile nzito ya chuma, akakupiga nayo kichwani. Ukaangukia gauni. Akakupiga tena uko chini, na mie nilisikia mfupa ukivunjika.

Nilimrukia, shoga. Sikuwa na kitu mkononi, nilikuwa na meno. Nilimng'ata mkono mpaka damu yake ikanijaa kinywani, na sikumwachia hata aliponipiga ngumi za uso. Nilimwachia pale tu mwenzake mmoja aliponivunja kiwiko kwa rungu. Mpaka leo mkono wangu wa kushoto haunyooki, nasuka nimeuegemeza kifuani. Polisi walimtambua kwa alama za meno yangu. Yuko ndani, tunangoja kesi.

Bibi arusi wako aliolewa na gauni la kukodi. Alikuja kunipa pole, analia na hina mikononi, nikashindwa hata kumkaribisha kiti.

Baada ya mazishi wanaume wetu walikutana. Wakongo, Warundi, Watanzania, watu wasiokubaliana hata juu ya chumvi, siku ile walisema kwa sauti moja: dawa ya moto ni moto. Wakaenda kwa Gogo wakamvunjia madirisha kwa mawe. Sufuria yake ya mafuta wakaimwaga barabarani. Wenye spaza, viduka vya mtaani vya wageni wenzetu, wakakubaliana wasimuuzie kitu. Mie nilipita pale nikatema mate mlangoni pake, naye alikuwa amesimama ananitazama. Halafu nikaenda spaza nikanunua mafuta ya taa, chupa nzima, nikaificha chini ya meza nyuma ya mifuko ya nywele. Nilitaka aungue. Nakuambia wewe kwa sababu hutaniripoti. Nilitaka Bheki akiwa huko ndani aletewe habari kwamba mama yake ameungua, asikie ninavyosikia mie.

Sasa nije kwenye habari ya kadi.

Siku moja Mama Pasta, mke wa mchungaji wenu, aliingia hapa na furushi la karatasi ngumu. Akasema huko Marekani kuna Wakristo wanaoitwa Waamishi. Wanavaa nguo za rangi moja zisizo na maua, wanakwenda kwa magari ya farasi, na umeme hawautaki. Nikamwambia, lo, sisi tunakatiwa kila siku tunalia, kumbe wenzetu wameukataa wenyewe! Hakucheka. Akasema wanawake wao walikuwa wamekaa nyumbani kwa mmoja wao wanashona blanketi la viraka, mwanamume akaingia na bunduki. Yeye ana rafiki aliyewahi kuishi jirani nao, ndiye aliyempa habari. "Wameuawa wakiwa na sindano mkononi," akasema. "Na sisi tumemzika mshonaji. Tutawatengenezea kadi, kwa mikono yetu."

Nikamuuliza, "Na sisi nani alitutengenezea kadi?"

Akajibu, "Hakuna. Lete mkasi."

Huyo mama ana dharau za kistaarabu, wallahi. Nikaleta mkasi.

Jumamosi akina mama wa kwaya wakajaa humu. Mie na ushungi wangu katikati yao, wanaimba haleluya, mie nakata. Tulimwaga gunia lako la vipande vya vitenge, yale mabaki uliyokuwa ukisema hayatupwi. Nilikiona kile cha njano cha gauni langu la Idi, nikakiweka mfukoni. Kila kadi tuliweka mwanamke mdogo wa kitenge, kilemba kichwani, na sura ya uzi: macho, pua, mdomo. Sura ndiyo iliyochukua muda wote. Kwenu marehemu lazima aonekane. Si unakumbuka mazishi ya mumeo, fulana zote zilikuwa na uso wake? Na wewe tulikufanyia hivyo hivyo. Nilikuvaa kifuani, Mapendo, ukicheka, na kila aliyenipa mkono alikutazama wewe.

Kwa hiyo hakuna aliyewaza vingine. Zikaisha, nzuri kweli, zinakodoa macho meza nzima. Mama Pasta akazipiga picha akamtumia rafiki yake ili ajisifu kidogo. Jibu likaja: poleni sana, watu hawa hawataki picha ya sura ya mtu. Hata watoto wao huchezea wanasesere wasio na uso.

Loh! Akina mama wakashika vichwa. Mmoja akasema tutupe tuanze upya. Mie nikasema, nipeni, nitazifumua mwenyewe.

Ulikuwa na msemo wako: "Mutu mwenye kasirani asishike makasi." Uliniambia nilipomkata yule mteja mbishi nywele upande mmoja. Safari hii hukuwepo wa kuninyang'anya. Nilianza na macho. Naingiza ncha chini ya uzi, nakata, navuta. Jicho la Bheki. Jicho jingine la Bheki. Mdomo wa Bheki. Nilifumua sura zote vile, na kadiri zilivyotoka ndivyo mkono ulivyozidi kuongeza nguvu. Kadi moja niliitoboa, mkasi ukatokea nyuma, uso mzima ukawa tundu.

Mama Pasta aliiona. Akaja kukaa karibu yangu, akaniambia polepole kwamba Waamishi wale, walipokwisha kuzika, walikwenda kwa miguu nyumbani kwa mama wa aliyewaua. Walimpelekea chakula. Walikaa naye.

Mapendo, nilichokifanya watakuja kukusimulia wao wakikufuata huko. Niliupiga mkasi mezani ukasimama wima. Niliwatukana Waamishi mmoja mmoja kana kwamba nawajua majina. Nikasema hawana damu, nikasema wafu wao wamelaaniwa kwa kuachwa na ndugu wapumbavu. Nikainama chini ya meza nikaitoa ile chupa mbele ya kwaya yote, kiberiti nikakitia mkononi. Walielewa mara moja. Mama Pasta akasimama mlangoni, kanyoosha mikono. Nikamsukuma, mke wa mchungaji, akaangukia gunia lako miguu juu. Nikatoka.

Jua lilikuwa kali na mtaa umejaa watu. Sikujali nani ananiona. Dirisha la Gogo limezibwa kwa kadibodi. Mlango niliupiga teke, nikaupiga tena, nikaanza kufungua kifuniko cha chupa kwa meno maana mkono wangu mbovu haukazi.

Akafungua.

Amekonda, shoga. Yule bibi mnene aliyekuwa akitutania kwamba tutaolewa tena tukila magwinya yake, amebaki shingo. Alinitazama, akaitazama chupa. Halafu akapiga goti kidogo, akainyoosha mikono yake miwili pamoja, kama wanavyopokea watu wa huku kitu cha heshima, akaichukua. Akaichukua chupa kutoka mkononi mwangu! Akasema, "Ngiyabonga, ntombi," asante, binti. Akaanza kulia.

Alidhani nimekuja kumpa pole. Jiko lake lilikuwa limekauka mafuta siku nyingi, spaza zote zimemfukuza, anakula mkate na maji ya bomba. Akaona mwanamke wa dukani kwako amesimama mlangoni na parafini, akaamini ndiyo zawadi ya pole. Mie na mdomo huu unaojua kutukana watu wa kila nchi, nikamfuata ndani. Aliniketisha kitandani. Akamimina mafuta kwenye jiko, hakumwaga hata tone.

Kisha akageuka akaniomba kiberiti.

Kilikuwa mkononi mwangu, kimelowa jasho. Nikampa.

Akaliwasha, akachemsha chai. Nilikunywa, Mapendo. Kikombe kiligonga meno yangu, meno yale yale. Nilimchukia kila tone, na nikamaliza. Hakunitetea mwanawe. Hakusema ni mtoto mzuri, hakusema shetani. Aliniuliza kitu kimoja tu kwa Kizulu chepesi nikielewe: wewe, Mapendo, umezikwa wapi? Siku ya mazishi alitoka akafika mpaka kwenye robot, taa zile za magari, pale barabara kuu, watu wetu wakamrudisha kwa mawe. Alinionyesha kovu la kichwani. Nikanyanyuka, nikatoka bila kumjibu.

Nilipofika dukani kwaya ilikuwa inaomba kwa kulia. Waliponiona sina chupa, mmoja alianguka. Nikasema, nyamazeni, sijaua mtu, nimekunywa chai. Mama Pasta anachechemea mpaka sasa, na akinipita anashika kiuno kwa makusudi ili niombe radhi upya.

Kadi zimekwenda Marekani. Pale palipokuwa na sura pamebaki vitundu vya sindano, ukiweka kwenye mwanga unaviona. Ile niliyoitoboa haikufaa kusafiri. Nilikaa nayo, nikakikuta mfukoni kile kipande cha njano cha gauni langu la Idi, nikaliziba tundu. Nimeshona vibaya, ungenicharaza. Jana nilimpelekea Gogo. Ameibandika kwenye kadibodi ya dirisha lake.

Nisikilize sasa, maana nisiposema hili nitakuwa nimekudanganya. Bheki sijamsamehe. Siku ya kesi nitasimama nieleze kila pigo la pasi ile, na nitafungua mdomo wayaone meno. Wakimfunga maisha nitapika pilau. Lakini mama yake hatachomwa na mtu wakati mie niko hai. Wanaume wetu nimeshawaambia, na mmoja alipoanza "dawa ya moto" nilimtupia kopo la rangi ya nywele, likampata. Hivyo ndivyo ninavyoweza upole, shoga. Usinidai zaidi.

Na jana nilimjibu swali lake. Nilimwambia ulipozikwa. Nikamwambia hawezi kwenda peke yake, watamuua njiani, kwa hiyo nitampeleka mimi Jumapili, nimemshika kwa mkono huu mbovu, nione nani atatupa jiwe la kwanza.

Pumzika, Mapendo wangu. Mkasi umetundikwa msumarini, sitaushika nikiwa na hasira, nakuahidi, japo inaweza kuchukua miaka. Jumapili ukituona tunakuja, mie na yeye, tunashikana kwa shida kwenye njia ile ya mawe, najua utaniita mpumbavu.

Niite.

Zuhura wako