Ndege ya Nyumba Yetu

Jumatatu, 6 Machi 2000

Tangu asubuhi nashona mikono ya robe, gauni la ubatizo, naifumua, nashona tena. Akili haipo kwenye mashini. Jana baada ya misa mwanangu Paluku alipandwa na homa, macho yakageuka juu, mwili ukakakamaa, mikono na miguu ikaanza kurukaruka. Ana mwaka mmoja na nusu. Nilidhani amekufa. Mama mkwe, aliyetoka Bungulu kule Beni kuja kunisaidia, alimfukizia majani mpaka akatulia. Ndege, akasema, degedege la watoto. Ugonjwa huo niliuona kwa watoto wa wengine tu.

Baba Paluku yuko Kyavinyonge, ananunua samaki. Hajui lolote.

Jumanne, 7 Machi

Mado. Mke wa askari, mtu wa jimbo la Équateur, anapanga chumba cha nyuma kwenye parselle yetu, ua mmoja nasi. Jumamosi alimbeba Paluku, akamtekenya kidevu: «Kesho ndege itakuya, utaona!» Kesho yake ndege ikaja. Nani alimwambia? Siku ile nilicheka. Ni mama mkwe aliyenikumbusha maneno hayo. Sicheki tena.

Alhamisi, 9 Machi

Namchungulia kwenye pazia. Anafua, anaimba Kilingala, ananitabasamia. Tabasamu la nini? Alimletea Paluku ndizi. Nikasema asante, nikawatupia kuku. Kuku wazima. Hiyo haionyeshi kitu.

Jumamosi, 11 Machi

Bombani, tunakochota maji, wananong'ona: Mado ni mchawi. Mimi sikusema neno. Wanaume wa avenue yetu wanataka Mado atoke wiki hii. Mmoja amesema kutoka tu haitoshi. Mumewe yuko vitani, nani atamtetea? Imenitia woga. Lakini mtoto wangu je?

Jumapili, 12 Machi

Imerudi. Nilikuwa jikoni. Paluku alikuwa mkekani uani, anachemka, nimemfunga shali mbili ili atoke jasho. Mado akapiga kelele. Nikamkuta amemlaza ubavu, amemvua shali, anampangusa kwa kitambaa chenye maji. Mama mkwe alifika na kijiko amtie mtoto mdomoni. Mado akausukuma mkono wake. «Hapana tia kitu mu kinywa, mama! Ataziba pumzi!»

Nilimnyang'anya mtoto. Nikamtukana Mado mbele ya watu, matusi ambayo sitayaandika. Kisha mbio mpaka kituo cha afya, mama mkwe nyuma yangu.

Malaria. Muuguzi amempiga sindano. Anasema ni homa inayopanda kwa kasi, na watoto wadogo hivi ubongo wao hauivumilii. Ameona wengi, humu Vulamba hakuna avenue isiyo na mmoja. Akataka kujua nani alimlaza ubavu. Alifanya vizuri. Shali ndizo mbaya, na kijiko kingemvunja meno. Akauliza kama mu famille kuna aliyeshikwa hivi utotoni, maana mara nyingi inafuata damu. Nikajibu hakuna. Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa anafunga upya kitambaa cha kichwa ambacho hakikulegea.

Jumatatu, 13 Machi

Nimemuuliza mama mkwe. Alichambua maharagwe muda mrefu. Halafu: «Baba yake pia, mara mingi. Kama ulijua, ungeitika ndoa?»

Kwa hiyo alijua tangu siku ya kwanza. Alijua, na akaninyooshea Mado kidole. Aliyeeneza maneno bombani pia ni yeye, nina hakika sasa. Kule Bungulu majirani wangemcheka. Huku Vulamba hakuna anayemkumbuka mwanawe akiwa mdogo. Nina hasira. Ningeolewa vilevile, mwanamke huyu!

Jioni nilibisha kwa Mado. Alifungua mlango kidogo tu. Ile ndege? Ndege ya askari. Ilikuwa imlete mumewe. Haikutua. Vitu vyake vilikuwa vimeshafungwa kwenye kitenge.

Jumanne, 14 Machi

Paluku amekula uji. Homa imeshuka.

Asubuhi nilikwenda bombani na mama mkwe. Wanawake walikuwa wengi. Nikasema kwa sauti: ndege ni ya nyumba yetu, baba yake Paluku alikuwa nayo, Mado hana kosa. Mama mkwe akatua bidoni yake tupu, akarudi nyumbani bila maji.

Mama mmoja aliyesimama karibu nami alimshika binti yake mkono, akamhamishia upande wa pili, mbali nami. Nilijaza bidoni zote mbili, yangu na yake mama mkwe.