Paa Alilolikandika Adija

Kondoa, Muharram 1329

Kwa dada yangu mpenzi Mwanahawa binti Bashiri, Morogoro.

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji. Sisi huku hatujambo, na mtama umeshika vizuri.

Ama baada ya salamu, nakuletea habari za wanangu Adija na Sikuzani. Tangu mama yao afariki umekuwa ukiniambia kuwa mwanamume peke yake hawezi kuwalea.

Mwezi uliopita nilipeleka samli Dodoma. Niliwaachia nyumba, nikamwomba jirani yetu, Mama Hamidi, awe anawachungulia. Wakati wa kurudi homa ikanilaza Chemba, na huku nyuma mvua zikaanza. Paa la udongo la tembe letu likavuja hadi vitandani. Mama Hamidi akawataka wahamie kwake. Adija alimshukuru kwa adabu, akasema kulala watalala kwake, lakini mchana watarudi nyumbani kwani mbuzi hawana mtu mwingine. Kulipokucha wakachimba udongo wa kichuguu, wakaukanda, wakapanda nao juu na kuziba nyufa zote. Kila kiangazi huwa tunakandika paa hilo pamoja, nami sijawahi kuwaambia wakae pembeni kwa kuwa ni wadogo. Kwangu, anayemwaga maji huenda kuyachota mwenyewe, na anayeharibu kitu husema kabla hajaulizwa.

Niliporudi nimekonda, hakuna aliyejisifu. Habari za paa nilipewa na Mama Hamidi. Sikuzani alinipokea mzigo, akaniamkia, kisha akasema, “Baba, mtungi mkubwa nimeuvunja mimi, nilipokuwa napandisha maji.” Niligeukia ukutani asinione machozi.

Sasa dada, nikuambie nililokuficha. Samli ilikuwa kisingizio tu. Nilikwenda Dodoma kutafuta mtu mwaminifu wa kuwapandisha gari la moshi waje kwako, na nilimpata. Nilikuwa nimeamini kuwa nimeshindwa. Baada ya kuliona paa lile, nilimpelekea habari kwamba safari haipo. Wenyewe hawajui lolote.

Usidhani nimeukataa wema wako wa kutaka kunilelea. Panda gari wewe, uje uwaone walivyo. Nitakungoja Dodoma.

Wanakuamkia wote. Sikuzani anauliza kama ni kweli gari la moshi hula kuni.

Ni mimi mdogo wako, baba yao,
Hassani bin Bashiri