Kisu cha Kufungua kwa Mkono Mmoja

Karakana ya Mzee Hamidu,
Same Mjini,
Kilimanjaro.

Juni 11, 2024

Mpendwa dada Justa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Sumbawanga, wewe, shemeji Vitus na watoto. Mama anasema juzi ulikohoa kwenye simu kisha ukakataa kwamba unakohoa. Ameniagiza nikwambie uchemshe tangawizi unywe. Nimekwambia, kwa hiyo mimi simo tena.

Sisi hatujambo. Hapa Same vumbi limesharudi, lakini kule nyumbani Vudee, milimani, ukungu bado upo asubuhi na maharage yametoka vizuri. Fortunata wa jirani amejifungua mtoto wa kiume, na mama amehamia huko kwa uji na maagizo.

Nimeamua kuandika kwa sababu habari ya baba ni ndefu, na nikikupigia nikiwa nyumbani mama huninyang'anya simu kabla sijafika katikati.

Unakumbuka ulivyomwacha ulipomaliza kumwuguza kile kiharusi. Mguu ulikuwa umeanza kurudi, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umelala, na mpaka leo haushiki kitu cha maana. Ulipoondoka akawa mtu wa kukaa tu. Waliozoea kumwita akawabebeshee miche ya parachichi, awaunganishie kikonyo cha mti mzuri kwenye mche wa kawaida, aliwarudisha kwa maneno mafupi: "Tafuteni mtu mwenye mikono." Huyo ni baba yetu, ambaye hakuweza kupita kando ya shamba la mtu bila kusimama na kulikosoa.

Jumapili moja baada ya ibada nilimkuta anafungua kisu chake cha kukunja kwa meno, apate kumenya chungwa. Mama alipomwona alikichukua akakificha kwenye pipa la unga. Baba aliliweka chungwa mezani, akageuza kiti, akatazama ukuta. Dada, siku ile nilishuka Same sina raha hata kidogo.

Kesho yake nilimweleza Yasmini, binti wa Mzee Hamidu. Sijui kama nilishakutajia habari zake. Mimi nafua makali ya visu kutokana na springi chakavu za malori, na yeye ndiye anayeendesha mashine ya kuchonga chuma. Tunagawana kazi, na kila mmoja anaamini ya kwake ndiyo ngumu.

"Mkono wa kulia ni mzima?" aliniuliza.

"Mzima kabisa."

"Basi tumtengenezee kinachofunguliwa kwa kidole gumba."

Nikueleze kidogo, maana hapa ndipo tulipohangaika. Kisu cha kukunja, ukikifumua mpini, utakuta ndani mabamba mawili membamba ya chuma, moja kila upande, na kisu chenyewe, lile bapa la kukatia, kinakaa katikati yake. Mbao unayoishika ni vazi la nje tu. Kwenye hiki tulichokitaka, bamba moja hukatwa ufa mrefu ili libaki na ulimi, na ulimi huo hupindwa kidogo uelekee ndani. Ukifungua kisu, ulimi unaruka na kukaa nyuma yake, nacho hakiwezi kukunjika mpaka wewe mwenyewe uusukume pembeni kwa kidole. Mkono mmoja unafungua, mkono ule ule unafunga.

Kwenye maneno ni rahisi. Bamba lile ni jembamba kiasi kwamba Yasmini akilibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, linajikunja, na mashine ikiligusa linainuka na kupiga kelele mpaka mafundi wa gereji ya pili wanachungulia. Likipata joto linapinda. Matundu ya bamba hili hayalingani na ya lile, na kisu kikikaa kinacheza kama jino bovu. Tulitupa mengi.

Tukapata moja lililoonekana zuri. Nilikiunganisha kisu chote, nikaongeza mpini wa ule mzambarau ulioanguka nyuma ya jiko, nikakipandisha Vudee kwa furaha. Kabla sijampa baba nilikijaribu mbele ya mama kwa kukifungua na kugonga mgongo wa kisu kwenye gogo. Ulimi uliteleza na kisu kikajifunga. Bahati yangu vidole vilikuwa mbali.

Mama alinitazama. "Eliufoo, ukimkata hata huo mkono uliobaki, utahamia hapa umlishe wewe."

Hakuwa anatania, na alikuwa na haki. Nilikirudisha mfukoni. Baba alikuwa ameketi ndani na alisikia yote, maana dirisha lilikuwa wazi. Nilipoingia kumuaga akasema tu, "Acha, mwanangu. Usijisumbue." Neno hilo lilinisumbua kuliko kisu chenyewe.

Nilipomweleza Yasmini, aliligeuzageuza lile bamba na kuona kwamba ufa tuliukata mpana mno, ulimi ukawa mwembamba na dhaifu. Tukaanza upya. Safari hii hakulibana bamba kabisa. Alichukua kipande kinene cha chuma, akakisawazisha vizuri, kisha tukayagandisha mabamba yote mawili juu yake kwa gundi, moja juu ya jingine, kama mkate na siagi. Yakatobolewa pamoja na kuchongwa pamoja, kidogo kidogo, mafuta yakidondoka juu yake yasipate joto. Mashine safari hii haikupiga kelele. Ufa wa ulimi aliukata mwisho kabisa, kwa kisahani chembamba cha msumeno, na mimi nilitoka nje nisimtie wasiwasi. Tulipoyapasha moto gundi ikaachia, na mabamba yakalala juu ya meza bila kupinda, matundu yakitazamana.

Kazi ya tupa ilikuwa yangu. Pale ulimi unapokutana na kisu panatakiwa pagusane sawasawa. Ukizidisha kidogo tu, umeharibu. Nilisugua, nikajaribu, nikasugua tena. Kisha tuligonga kile kisu kwenye mbao mpaka Mzee Hamidu akaja kuuliza kimetukosea nini. Hakikukunjika. Tulikining'inizia jiliwa dogo, hakikukunjika. Yasmini alicheka akaniambia, "Sasa mpelekee, kabla hatujakiharibu kwa kukipenda."

Baba hakukipokea kwa shangwe. Nilimwonyesha kinavyofanya kazi, mama akiwa amesimama mlangoni amekunja mikono. Akasema, "Kiweke hapo." Tukala makande, tukazungumza habari za kanisa, hakuna aliyekitaja kisu. Nililala nikidhani kazi yote imepotea bure.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya kitu kikigonga barazani: tak, kimya kidogo, tak. Nilipotoka nilimkuta baba anakifungua na kukifunga, anakifungua na kukifunga. Chini ya kiti maganda ya machungwa yalikuwa yamejaa. Hakunitazama. Akasema, "Huyo binti wa mashine ana mkono mzuri. Makali yako ungeyanoa zaidi kidogo."

Dada, nilifurahi mpaka nikakaa chini.

Tangu siku ile wamerudi kwenye miche, yeye na mama. Baba anakata kikonyo na kupasua shina la mche kwa mkono wa kulia, mama anashika viungane na kufunga nailoni. Wanagombana kutwa nzima. Baba anasema mama anafunga kama anayefunga mzigo wa kuni, mama anasema kama hapendi afunge kwa meno. Watu wameanza tena kumwita, naye huenda polepole na fimbo yake, mama nyuma na kikapu. Kasoro ni moja: hukichezea kisu hata kanisani, na juzi mchungaji alisimamisha mahubiri atafute sauti inatoka wapi.

Miche ya kwanza imeshika, majani yametoka. Wiki iliyopita nilimsaidia kuipanga kivulini. Mingi imeshapata wenyewe, lakini mmoja uliochipua vizuri kuliko yote aliusogeza pembeni, na kila aliyeuomba akamnyima. Nilimuuliza ni wa nani.

"Wa Justa," akasema. "Mwambie shimo limeshachimbwa, nusu nimechimba mimi. Mche siupandi. Aje aupande mwenyewe, na asikawie, mizizi inajaa kwenye mfuko."

Kwa hiyo nimekufikishia. Likizo ya Desemba isikupite.

Nisalimie shemeji Vitus, na watoto wote wawili, Rodgers na Agape. Mama anakusalimu sana, na Yasmini pia, ingawa hamjaonana. Mungu awalinde huko, awape afya, na awafungulie njia ya kuja nyumbani.

Mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Eliufoo